Uzi: Nywele za Krismasi za wasichana wadogo, tusuke bila kuwaliza

Msusi_58 (Nakuru)

Habari za jioni wazazi na wasusi wenzangu. Mimi nasuka hapa Nakuru upande wa Section 58, huu ni mwaka wa kumi na moja, nilianzia kwa veranda ya mama na sahi niko na kibanda changu, na kila mwaka shule zikishafungwa na Disemba ikifika katikati ndio wanaanza kuletwa, wasichana wa miaka mitatu, mitano, saba, wameshikwa mkono na mama, wengine na baba, mmoja na shosho yake, nisukie huyu za Krismasi tunaenda ushago. Naipenda hiyo kazi kuliko zote nafanya mwaka mzima. Lakini kuna kitu imenikaa rohoni tangu mwaka jana nikaona heri niifungulie uzi kabla watu hawajaanza kupanga foleni kwa saluni.

Asubuhi ya tarehe 24 mama mmoja aliniletea msichana wake wa miaka mitano. Alikuwa amesukwa jana yake, sio kwangu, rasta nyembamba kabisa hadi kiunoni, nyekundu na nyeusi, ukiangalia kwa haraka unasema kweli hapa kuna mkono. Mtoto hakuwa amelala. Akiweka kichwa kwa mto analia, akiinuliwa analia. Nikaangalia pale kwa paji na juu ya masikio, vipele vidogo vyeupe vimejipanga kufuata ukingo wa nywele kama punje za wimbi, kila kimoja pale shina la rasta linapoanzia, na nyusi zimevutwa juu anakaa mtu ameshtuka. Nilipogusa tu akanishika kidole gumba na mkono wake wote akakishikilia. Hakusema kitu. Tulifumua na mama yake masaa matatu, na Krismasi alienda kanisani na matuta sita makubwa na riboni mbili, na mama yake aliniambia alilala kwa gari hadi Busia.

Nami niseme ukweli, miaka yangu ya kwanza nilikuwa nakaza pia, kwa sababu mteja akiona imekazwa anasema huyu anajua kazi, hii itakaa mwezi. Sasa mtoto anataka mwezi wa nini? Anataka apendeze Krismasi, afike mwaka mpya, afumuliwe, arudi shule. Wiki mbili zinatosha. Ukishaelewa hapo, mkono wenyewe unalegea.

Sasa vile mimi hufanya. Kuosha nafanya siku moja ama mbili kabla, kusuka tarehe 22 au 23. Usiku wa 24 ni wakati mbaya kabisa wa kusuka mtoto, msusi amechoka, stima inaweza potea, mtoto anasinzia, nguo hazijapigwa pasi, na haraka ndio huwa inakaza. Kuchana usichane nywele kavu, tafadhali. Lowesha, weka kondishona, tumia kitana cha meno mapana, anza kwa ncha ukirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea shina, na huo mkono mwingine ushike nywele karibu na ngozi ndio ule mvuto uishie kwa mkono wako usifike kwa kichwa yake. Hiyo ya kushika shina ndio inafanya mtoto aseme wewe haumi.

Blodrai situmii kwa watoto wadogo. Natumia uzi, ule mweusi wa mama zetu. Nagawa kichwa mafungu nane ama kumi, nafunga uzi shinani bila kubana, nazungusha nikipanda hadi ncha, analala hivyo usiku mmoja. Asubuhi nikifungua nywele imenyooka vizuri, laini, haina harufu ya kuungua, na kusuka kunaenda haraka mara mbili.

Mtindo wanaoniitisha sana ni mti wa Krismasi. Unasuka mstari mmoja katikati kutoka paji hadi kisogoni, huo ndio shina. Halafu matawi, mistari mitatu kila upande ikianzia juu ya sikio ikipinda kwenda kuingia kwa shina, wa mbele mfupi, wa pili mrefu kidogo, wa nyuma ndio mrefu zaidi, ndio mti upanuke ukienda chini. Mistari saba tu kichwa nzima. Pale juu ya paji mahali shina linaanzia unabana nyota ndogo ya kitambaa, sio ya plastiki yenye ncha, atalalia na itamdunga. Rangi naweka kwa uzi wa sweta, kijani kwa matawi na nyekundu kidogo kwa shina, na huo uzi siuingizi mwanzo wa mstari, naanza na nywele yake mwenyewe peke yake misuko mitatu minne halafu ndio naongeza. Ukingo wa nywele ya mtoto ni laini kama ya paka, haubebi mzigo.

Ambaye hawezi mti afanye mistari mitano ya mbele na mafundo mawili ya afro yaliyoachwa yafure nyuma, na riboni. Inatoka poa sana na inachukua chini ya saa moja. Hizo rababendi nyembamba za rangi achana nazo, zinakata nywele ukizitoa, kata soksi ndefu ya zamani vipande vya duara utumie hivyo.

Leteni maswali na mitindo yenu, niko hapa usiku huu.

Nyar_Kibuye (Kisumu)

Asante dada kwa huu uzi. Mimi sio msusi lakini nina wasichana watatu na wote nawasuka mwenyewe. Hiyo ya uzi wa sweta nimeifanya miaka miwili sasa, soko la Kibuye Jumapili unapata rangi zote na kibonge kimoja kinamaliza vichwa viwili na kinabaki. Ongeza tu hii, huku kwetu joto ni kali na watoto hawatoki kwa maji, na huo uzi ukiloa unakuwa mzito na unachukua siku nzima kukauka. Kwa hivyo mimi husuka mafupi, mwisho mabegani, na wakirudi kucheza maji nakamua kwa taulo moja moja kama nguo. Mwaka wa kwanza nilisuka marefu, baada ya siku nne kichwa kilikuwa na harufu ya tambara nikafumua kabla mwaka mpya haujafika.

Lakini sababu kubwa ya mimi kuhamia uzi sio bei. Ni maji ya moto. Si mnajua rasta ikimalizwa ncha zinachovywa kwa maji ya moto ndio zisifumuke? Mtoto wa dada yangu akiwa na miaka sita alichovewa nywele kwa jagi, akageuka kuangalia kitu, rasta zikatoka na maji zikamlalia mgongoni na nguo ilikuwa nyepesi. Ana kovu hadi leo chini ya bega. Uzi wa sweta unafunga fundo ncha basi, hakuna maji hakuna kiberiti.

Msusi_58 (Nakuru)

Pole sana kwa huyo mtoto. Hiyo ningeiweka juu kabisa na nilisahau. Msomaji kama lazima msichana wako awekewe rasta, mwambie msusi ncha za mtoto azifunge na uzi mdogo ama ashike shanga hapo mwisho. Na kama lazima maji, mtoto akae wima asegee mbele, taulo nzito nzima imefunika mgongo na mabega, mtu mzima wa pili amshike, na nywele ikamuliwe ndani ya chombo kabla haijaachiliwa. Mimi kwa watoto nimeacha kabisa.

Na hizo rasta za dukani kabla ya kusuka ziloweke kwa maji na siki kidogo, utaona utando mweupe unaelea juu, huo ndio huwasha watoto shingo. Suuza, anika, zikauke ndio usuke.

Mama_Pacha_Lanet

Nasoma nikiwa na maoni tofauti kidogo, msinikasirikie. Nina mapacha wa miaka nane, nywele zao ni nzito, ngumu, kila wakichanwa ni vita nyumba nzima. Mwaka huu nilikuwa nimeamua niwapake dawa walainike, nitengeneze mtindo wa kuachilia na mkunjo kama wale wa kwa picha, mara moja nimalize. Na hiyo ya wiki mbili mnasema, mimi narudi kazini tarehe mbili, nikilipa elfu na mia tano kwa vichwa viwili nataka wafike shule nazo. Sio kila mtu ana wakati wa kufumua na kusuka tena.

Nesi_Bungoma

Mama Pacha hakuna anayekasirika, hiyo ni shida ya wengi na umeisema vizuri. Nifanye upande wangu wa hospitali halafu Msusi aongeze.

Dawa ya kulainisha, nyingi ya zile kali ndani kuna sodiamu haidroksaidi, ni ile ile kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Zile zinaandikwa hazina hiyo zina kemikali nyingine, bado ni kali na bado zinachoma. Ngozi ya kichwa ya mtoto ni nyembamba na mtoto wa miaka nane hawezi kukwambia mapema kwamba inaanza kuchoma, anavumilia kwa sababu anataka awe msmati, unakuja kuona ni kidonda. Nimefunga vidonda vya hivyo Disemba, zaidi ya mara moja. Na kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2022, wanawake zaidi ya 33,000 walifuatwa karibu miaka 11, wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipatwa na saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wale hawatumii. Hao ni watu wazima, na utafiti kama huo hausemi kwamba dawa ndio ilileta moja kwa moja. Lakini mimi ni mama pia, na nikishasoma hiyo sioni sababu ya kumuanzishia mtoto wa miaka nane.

Hivyo vipele Msusi alisema ni mizizi ya nywele imevutwa hadi ikafura. Ukifumua mapema vinaisha na nywele inaendelea kumea. Ukisuka tena hapo hapo, na tena, na tena, ukingo unaanza kurudi nyuma na baada ya miaka mzizi unakufa, hapo hakuna mafuta itarudisha. Wasichana wa sekondari wenye paji kubwa ambalo hawakuzaliwa nalo ni wengi, wengi wao walianza wakiwa na miaka minne.

Kingine, kabla ya kusuka angalia kichwa kwa mwanga wa jua. Ukiona mviringo mkavu una maganda na nywele imekatika karibu na ngozi, hayo ni mapunye. Usifunike na mistari. Krimu ya kupaka peke yake haimalizi mapunye ya kichwa, inataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya. Na kitana kilichomgusa kisiguse mwingine.

Msusi_58 (Nakuru)

Asante nesi. Mama Pacha, hizo nywele nzito naomba uzijaribu na uzi kwanza kabla ya dawa, lala nazo usiku mbili sio moja. Nywele ngumu ikioshwa ikaachwa ikauke hivyo hivyo inajikunja na kushikana, ndio unapigana nayo. Ikishanyooshwa na uzi inachanika. Na uoshe ikiwa imegawanywa mafungu manne yamesukwa kwa ulegevu, ufungue fungu moja, uoshe, urudishe, uende lingine, usiwahi kufungua kichwa nzima kwa wakati mmoja.

Kuhusu muda, ukisuka na nywele yao wenyewe bila kuongeza kitu, mistari mikubwa ya kurudi nyuma, inaweza fika wiki ya kwanza ya shule bila shida, unaosha juu juu na unapaka mafuta kidogo. Krismasi unaivalisha tu, riboni, uzi wa rangi, pini, na tarehe mbili unatoa hayo mapambo, mistari inabaki ya shule. Mtindo mmoja siku mbili tofauti. Na hiyo elfu na mia tano itapungua, mistari ya nywele yake mwenyewe kwangu ni 200 kwa mtoto hata wiki ya Krismasi sipandishi.

Mama_Pacha_Lanet

Hiyo ya kuvalisha na kutoa mapambo sikuwa nimeifikiria. Naja kwako tarehe 22 na wote wawili, uniwekee nafasi ya asubuhi.

Mukhana_Lurambi (Kakamega)

Hamjambo. Nauliza kwa niaba ya wale hatuna nywele kabisa. Wangu yuko darasa la tatu, shule yao wasichana wote wananyolewa, na shule imefungwa na nywele ni ya kidole nusu. Binamu zake wanatoka Nairobi na rasta ndefu, na tangu Jumatatu ananiuliza mama na mimi nitasukwa nini. Jana nimemkuta kwa kioo amefunga sweta kichwani mikono inaning'inia nyuma kama nywele. Sikujua niseme nini. Kuna jirani aliniambia zinaweza shonewa ama kugundishwa. Ni kweli?

Msusi_58 (Nakuru)

Dada, usigundishe chochote kwa kichwa cha mtoto, nakuomba. Gundi inatoka na nywele na ngozi.

Nywele humea karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo kutoka shule zifungwe hadi Krismasi unapata sentimita mbili hivi. Kipimo changu ni hiki, kama siwezi kuishika kwa vidole viwili bila kucha yangu kugusa ngozi, haijafika ya kusuka, na nikilazimisha nitang'oa. Lakini fupi si kusema hakuna kitu. Lowesha, paka mafuta kidogo, chukua sponji ile yenye mashimo ama hata kipande cha taulo ngumu, sugua kwa mviringo upande mmoja tu polepole dakika kumi, zinajikusanya vitwisti vidogo vizuri sana. Halafu mshonee utepe wa kitenge, upana wa vidole vitatu, nyuma uweke mpira laini, na mbele umshonee ua kubwa la kitambaa chekundu. Kuna kinyozi hapa mtaa wetu huwa anawachorea wasichana nyota pembeni juu ya sikio kwa mashine, mistari miembamba, na wanatoka hapo wameinua shingo. Mwambie achague yeye upande wa nyota.

Nyar_Kibuye (Kisumu)

Mukhana, mwambie binti tena kwamba huo utepe binamu zake hawana. Na mshonee kutoka kwa kitambaa kimoja na nguo yake ya Krismasi, kama fundi alibakisha kipande. Wangu wa kati alinyolewa darasa la nne na tulifanya hivyo, hadi leo huo utepe anao.

Mukhana_Lurambi (Kakamega)

Kipande kipo! Nimeenda kuangalia saa hii kwa mfuko wa fundi. Asanteni, mmeniinua.

Kukhu_wa_Mbale

Watoto wangu nimewasoma wote, mjukuu ndiye ananisaidia kuandika. Hii mambo ya uzi ninyi mnaiona mpya. Sisi tukiwa wasichana Maragoli tulisukwa na uzi na tulitembea nayo, hatukufungua. Jioni tukimaliza mazoezi ya nyimbo kanisani tunakaa kwa foleni, mkubwa anasuka wa kumfuata, huyo naye anasuka mdogo wake, na wa mwisho kabisa anashika taa ya mafuta. Mafuta ya nywele yalikuwa samli ya ng'ombe, kidogo tu kwa ncha za vidole. Uzi ulisimama juu kama pembe, ukiukunja unakaa vile umeukunja, tulikunja duara tukaunganisha moja na lingine inakuwa kama taji. Hiyo mnaweza fanyia wasichana wenu Krismasi. Halafu tarehe 26 huku Mbale ya Vihiga kuna sherehe ya utamaduni ya Wamaragoli, mlete watoto na hiyo taji, wazee watafurahi kuliko hizo rasta.

Na kumkaza mtoto kichwa, hapana. Mama yangu alikuwa anasema kichwa cha mtoto kinashikwa kama yai la kuku anayeatamia.

Msusi_58 (Nakuru)

Kukhu asante sana. Hiyo taji nimeshaielewa na nitaijaribu kwa msichana wa dada yangu kesho. Hapo mwisho wa kila fungu unaacha uzi mrefu kidogo ndio uwe wa kufungia na fungu linalofuata?

Kukhu_wa_Mbale

Ndio. Unaacha urefu wa kidole. Na hapo wanapoungana unaweza kuficha fundo na utepe mwekundu. Shinani usizungushe nyingi, mara mbili tu, hapo ndipo huuma.

Wanjiku_Njoro

Mimi nauliza, sisi ni Akorino, wale wa kanisa la vilemba, binti yangu ana miaka sita na Krismasi atakuwa na kilemba kama siku zote. Kuna haja ya kumsuka kitu?

Msusi_58 (Nakuru)

Haja iko, na tena nywele chini ya kilemba inataka kuangaliwa zaidi. Nina wateja wengi wa Akorino. Mfanyie mistari mikubwa sita iliyolala kabisa, iishie chini kisogoni sio juu, ndio kilemba kikae sawa kisisukumwe na fundo. Usiweke pini wala shanga ndani, vinadunga. Na pale kilemba kinapobana kwa paji ni pale pale ukingo ulipo, kwa hivyo mistari isianzie kwa zile nywele za kwanza kabisa, ziachie upana wa kidole kimoja ziwe huru. Kitambaa cha satini chini ya kilemba kinasaidia, pamba inakausha na kusugua. Krismasi yake iwe kwa kilemba chenyewe, cheupe kimepigwa pasi, na usiku akikivua apate kuona mistari yake mizuri kwa kioo.

Wanjiku_Njoro

Nimefurahi umejibu hivyo. Huwa wananiambia si atafunika tu.

Baba_wa_Mmoja (Nakuru)

Habari zenu. Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ni baba, mama wa mtoto ako kazini Saudia tangu Machi, na msichana wetu ana miaka minne. Mama yake ndiye alikuwa anamsuka kila Krismasi na amesema kwa simu anataka kuona nywele yake ikiwa imetengenezwa asubuhi ya Krismasi wakipigiana video. Naweza kumpeleka saluni lakini mtoto anaogopa watu wasiomjua, mara ya mwisho alilia hadi akatapika. Nataka nimtengeneze mwenyewe. Sijawahi kusuka chochote isipokuwa kamba ya ng'ombe nikiwa mdogo.

Msusi_58 (Nakuru)

Kaka, kama uliwahi kusuka kamba ya ng'ombe basi kusuka unajua, ni vipande vitatu vile vile, wa kulia unapita juu ya wa katikati, wa kushoto unapita juu ya wa katikati. Usijaribu mistari. Fanya matuta manne.

Wewe kaa kwa kiti, yeye akae kwa kigoda ama mto katikati ya magoti yako, amekupa mgongo. Umlishe kwanza. Mpe kitu mkononi, mwanasesere na kitana chake naye asuke. Kichwa kikiwa na maji maji na mafuta, chora mstari kutoka paji hadi kisogoni, halafu mwingine kutoka sikio hadi sikio, unapata vyumba vinne. Kwa kuchora tumia mpini wa kitana lakini uulaze, usiusimamishe, ncha inakwaruza. Funga vitatu kwa soksi, baki na kimoja. Suka, na ukianza shinani mkono wako uwe mlegevu hadi uone kama utafumuka, kwako wewe huo ndio ulegevu sawa. Akigeuza kichwa usimrudishe kwa nguvu, fuata kichwa kinapoenda. Akichoka mpumzike, mbili leo mbili kesho, hakuna sheria.

Mwisho riboni, mbili nyekundu mbili kijani. Shanga kwa mtoto wa miaka minne mimi huweka chache tu na zimefungwa kwa uzi, lakini kama analala peke yake ama kuna mdogo wake ndani ya nyumba usiweke, ni rahisi kuingia mdomoni na kumkaba. Usiku mfunge kitambaa laini. Jaribu moja kesho Jumamosi usingoje tarehe 23, mkono ujue.

Nesi_Bungoma

Na baba ukija kufumua utaona nywele nyingi mkononi, usiogope ukamwambia mama yake umemharibu. Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, kawaida, ila zikiwa zimesukwa hazina pa kuanguka zinangoja hapo ndani. Wiki mbili ni mia kadhaa hadi elfu na zaidi. Angalia kama zina kidoti cheupe upande mmoja, hizo ni za kuanguka zenyewe. Vipande vifupi fupi visivyo na kidoti ndio vya kukatika.

Baba_wa_Mmoja (Nakuru)

Sawa. Asanteni. Nimenunua riboni leo na kile kitana cha meno mapana. Nitarudi.

Mukhana_Lurambi (Kakamega)

Nikiripoti haraka, utepe uko tayari, ua tumeliweka upande wa kushoto, amelala nao. Sponji ndio nimekosa, nimetumia taulo kama ulivyosema na vitwisti vimetoka vidogo vidogo kichwa nzima. Binamu mmoja amefika leo na tayari ameuliza kama mimi naweza kumshonea.

Baba_wa_Mmoja (Nakuru)

Ni usiku wa 23 na nimemaliza. Matuta manne. Ilichukua saa moja na nusu na katikati alilala, kichwa kikaanguka kwa goti langu la kushoto, nikasuka ya upande wa kulia akiwa amelala hivyo na hakuamka. Ule mstari wa kisogoni umepinda, unaenda kulia, nimejaribu kuuchora tena mara tatu. Na tuta moja la nyuma naona limelegea kuliko mengine, nikiligusa linazunguka. Nifumue nirudie kabla asubuhi ama?

Msusi_58 (Nakuru)

Usimwamshe. Hilo lililolegea liongezee riboni ya pili pale shinani, na mstari wa kisogoni mama yake hatauona kwa video, mtoto atakuwa anaangalia simu.